Upana wa Kitanda

Kaburu mmoja aliyekuwa akihamia upande wa Waingereza alilitupa kabati lake korongoni, na Solomoni akalishukia siku hiyo hiyo kabla mchwa hawajalifikia. Lilikuwa kabati la nguo, refu kupita mtu, mguu mmoja umevunjika, mgongo umetobolewa na dumuzi mpaka unatoa unga ukiugusa. Kabla ya kufunga ng'ombe wake kwenye gari, mwenyewe alikuwa amesema anayetaka kuni ashuke akachukue. Solomoni hakutaka kuni. Aligonga milango kwa vifundo vya vidole, akasikiliza, akagonga tena chini zaidi, na mlio uliporudi mzito bila ufa alikaa juu ya jiwe akacheka peke yake. Milango ilikuwa mizima. Mbavu zote mbili zilikuwa nzima. Mtoto angepata pa kulala.

Alikuwa na siku tisa.

Siku hizo alipewa na Bibi Frida, mke wa mchungaji wa misheni, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini ambaye hakuwahi kumkaripia mtu, na wala hakuhitaji. Miaka miwili nyuma boma la Wajerumani lilimkamata Solomoni kwenda kubeba mizigo hadi Ikoma. Akiwa huko, mkewe Anyesi alikufa kwa homa, na binti yao Nasieku, mtoto wa miaka minne, akabaki anaugua homa hiyo hiyo. Soila, mama yake Solomoni, alimbeba mgongoni kutoka Sekei mpaka misheni, akamkabidhi kwa Bibi Frida mkononi, akageuka akaenda zake. Mtoto akapona. Akavikwa gauni na viatu, akabatizwa Elizabeth, akapewa kitanda cheupe katika chumba cha pembeni. Baba aliporudi, amekonda na mabega yamejaa makovu, aliambiwa apate nguvu kwanza. Akapata nguvu. Akaambiwa ajenge nyumba kwanza. Akajenga, tena ya pembe nne kama walivyotaka wao. Hizo "kwanza" hazikuwa na mwisho, na mtoto akatimiza miaka sita kwenye nyumba ya watu.

Sasa mchungaji na mkewe walikuwa wanakwenda kwao Ulaya kupumzika kwa miaka mitatu. Wangeshuka hadi Moshi kwa gari la ng'ombe, wapande gari moshi mpaka Tanga, kisha meli. Na Bibi Frida alitaka kumchukua Elizabeth.

"Kama una mahali pa kumlaza, atabaki," alimwambia Solomoni barazani. "Chumba chenye dirisha. Kitanda chenye miguu, si ngozi chini karibu na mbuzi. Mahali pa kuweka nguo zake. Jumamosi ya wiki ijayo nitakuja kuona. Kama hakuna, tutakwenda naye, na huko atasoma."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha Solomoni. Mtu akikufokea, unajua pa kumshika.

Solomoni alikuwa seremala, tena seremala mzuri, lakini wa misheni. Mbao zote za karakana zilikuwa za madawati ya kanisa jipya na kila moja ilikuwa na alama yake. Randa na msumeno aliruhusiwa kuazima baada ya kazi. Mbao, hata kipande cha kuwashia moto, hapana. Ndiyo maana alikuwa chini ya korongo la Kaburu na miiba miguuni.

Alilibomoa kabati pale pale, akanyoosha kila msumari juu ya jiwe na kuutia mfukoni, akaanza kupandisha vipande kwa kichwa. Safari ya nne ndiyo iliyotaka kumponza. Alikuwa amebeba mlango uliokuwa na kioo upande wa ndani, na jua la saa nane likipiga kioo kile na kumulika njia nzima, hata askari wa boma aliyekuwa amejipumzisha kivulini akainuka kuja kuona kinachong'aa ni nini.

"Mlango wa nyumba ya nani huo?"

"Wa kabati, afande. Bwana Kaburu amelitupa."

"Wazungu hawatupi vioo."

"Amehama, afande. Ameondoka tangu asubuhi."

"Basi hayupo wa kukushuhudia."

Solomoni alihisi jasho likimshuka mgongoni, mahali pale pale ambapo hamsa ishirini ya boma ingetua. Viboko ishirini na vitano haviui, wengi wamevila wakaishi, ila hakuna aliyevila akashika randa wiki ile ile. Na yeye hakuwa na wiki nyingine.

Askari alijitazama kiooni. Alivuta mdomo akakagua meno, akaiweka sawa tarabushi, akageuza shavu akajitazama na upande.

"Kioo hiki ni ushahidi," alisema mwishowe. "Kitakaa kwangu."

Solomoni akatoa patasi, akakibandua kioo polepole huku akiogopa kisije kikapasuka, akampa kwa mikono miwili. "Asante, afande." Alipanda mpaka nyumbani na hasira, na kilichomuuma zaidi ni hiyo asante.

Kazi ikaanza. Mchana alikuwa wa misheni, akipiga randa madawati ya watu. Jioni, maadamu jua lingali juu ya migomba, alikuwa wa kitanda. Mgongo wa kabati uliotobolewa ulikwenda motoni, kwa sababu dumuzi ukimkaribisha kwenye ubao mmoja huhamia kwenye yote. Milango miwili aliipasua kwa urefu ikawa mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni mwa kitanda. Mbavu za kabati zikawa vitakizo, kimoja cha kichwani, kimoja cha miguuni. Matendegu manne, miguu ya kitanda, aliyachonga kutoka kwenye nguzo za pembeni, na moja lilimsumbua siku mbili kwa fundo lililokuwa limejificha ndani. Droo ya chini, iliyokuwa bado inanuka tumbaku ya Kaburu, aliipa kifuniko ikawa sanduku la nguo. Kipande cha juu kilichochongwa vishada vya zabibu kikawa ubao wa kufungia dirisha. Kaburu angekiona asingekijua. Kwa mara ya kwanza tangu Ikoma, Solomoni alijikuta anapiga mluzi.

Soila alikuwa akisugua mbao kwa majani ya msasa. Hakuwa mtu wa maneno. Kanisani hakuingia, ubatizo alikuwa ameukataa mara mbili, na mjukuu wake hakuwa amemgusa kwa miaka miwili. Kila Jumapili alisimama ng'ambo ya uzio wa misheni, na ngozi yake begani na shanga zake masikioni, akamtazama mtoto anavyopita na viatu, kisha akarudi nyumbani.

"Mimi ndiye niliyempeleka," alisema jioni moja bila kuinua macho kutoka kwenye ubao.

Ilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba asingempeleka, mtoto angekufa, na hiyo nayo Soila aliijua na haikumsaidia kitu.

Ilipofika zamu ya kusuka uso wa kitanda, ngozi ya kukata kamba haikuwepo. Soila akaingia ndani akatoka na ngozi ya ng'ombe aliyokuwa akiilalia mwenyewe, akaiweka miguuni pa mwanawe pamoja na kisu.

"Utalalia nini, yeyo, mama yangu?"

"Si unatengeneza kitanda?"

Hapo Solomoni akacheka, akamwambia alale chini apimwe. Soila alilala kwa ubavu kama alivyozoea, mkono mmoja umenyooka mbele yake mahali pa kichwa cha mtoto, na Solomoni akachora mstari wa mkaa nyuma ya mgongo wake, akaongeza shubiri mbili upande wa ukutani kwa ajili ya Nasieku. Hakufikiri hata kidogo. Mtoto hulala na koko wake, nyanya yake, upande wa ukuta, koko upande wa mlango ili kibaya chochote kimkute yeye kwanza. Solomoni mwenyewe alilala hivyo mpaka alipoota meno ya pili. Anayelazwa peke yake ni mtoto asiye na mtu, na hata huyo majirani hugombania kumchukua. Kwa kipimo hicho alikata vitakizo, akatoboa matundu, akasuka kamba, na siku ya Ijumaa kitanda kilikuwa kimesimama chini ya dirisha, kipana, imara, kinanukia samli aliyokipaka.

Jioni ya Ijumaa hiyo akaja Mika. Huyu alikuwa mwenzake wa karakana, anasomea ualimu wa dini, na kwa hiyo alijua mambo ya nyumba ya mchungaji kabla ya mchungaji mwenyewe. Alikizunguka kitanda, akapapasa viungo, akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Kisha akanyoosha mikono akapima upana, akapima tena.

"Solomoni, nani atalala hapa?"

"Nasieku."

"Na nani?"

"Swali gani hilo? Na koko wake."

Mika alikaa juu ya sanduku la nguo kabla ya kuambiwa akae. "Ndugu yangu, kwao mtoto hulala peke yake."

"Akiwa mgonjwa?"

"Akiwa mzima. Usiku wote, na mlango umefungwa. Kitanda chake kule nimekiona, hata paka akimwingilia hapatoshi. Bibi Frida akiona hiki atauliza wa pili ni nani, na wewe utamwambia nini? Utamwambia ni mama yako? Mchungaji amesema mezani, nimemsikia kwa masikio yangu, mtoto aliyebatizwa halali ubavuni mwa mtu ambaye hajabatizwa, wala hakai naye nyumba moja. Wakimkuta mama humu, wanaondoka na mtoto."

"Mbona hakunitajia upana?"

"Hakuona haja," Mika alisema. "Kama wewe."

Solomoni alisimama katikati ya chumba chake kizuri akatamani kukitia moto. Siku nane za mgongo kuuma. Kila kiungo kimekaa, kila kamba imekaza. Na kosa halikuwa la mkono, hata aseme mkono ulichoka. Lilikuwa kosa la kumjua mama yake.

"Kata."

Soila alikuwa mlangoni. Hapakuwa na haja ya kuuliza amesikia kuanzia wapi.

"Yeyo, subiri kwanza tufikiri."

"Jua linazama, mwanangu, unafikiri nini? Kata. Kesho nitakaa migombani mpaka waondoke. Wakishakwenda nitalala chini, ubavuni mwake. Kutoka Ulaya watanionaje?"

Mika alitazama pembeni. Solomoni akafumua kamba, akagonga vitakizo vikatoka kwenye matendegu, akaweka msumeno juu ya ubao. Soila aliinama akashika upande wa pili usitikisike. Unga wa mbao ukawa unamdondokea miguuni, na yeye ameushika ubao kwa nguvu zote kama mtu anayesaidia kumzuia ndama asiumie. Solomoni aliona aibu ambayo hajawahi kuiona, hata Ikoma alipopigwa mbele ya vijana. Alikuwa anakata nafasi ya mama yake kitandani na mama yake anamshikia ubao. Alikata mpaka mwisho, akatoboa matundu mapya, akasuka upya kwa mwanga wa moto, na usiku wa manane kitanda kilikuwa chembamba, cha mtu mmoja, mdogo.

Bibi Frida alifika Jumamosi saa tatu asubuhi juu ya nyumbu wa kupandwa, mtoto amepakatwa mbele yake. Solomoni alikuwa amevaa kanzu yake ya Jumapili. Nyuma ya nyumba migomba ilitikisika kidogo ikatulia.

Bibi aliingia, akasimama, akatazama. Alifungua dirisha akalifunga, akalifungua tena. Alipitisha kidole kwenye vishada vya zabibu. Aliinua kifuniko cha sanduku, akakibonyeza kitanda kwa viganja viwili, akakaa juu yake, na kitanda hakikulia.

"Hili lilikuwa kabati?"

"Kabati lililotupwa, Bibi."

"Kazi nzuri sana," alisema, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Solomoni hakukitarajia, kama mtu aliyekuwa anaomba moyoni akute kibanda kibovu. "Kazi nzuri sana, Solomoni." Kisha, akiwa bado amekaa: "Mama yako anaishi hapa?"

"Hapana, Bibi. Anakaa kwa ndugu yangu Meitamei, ng'ambo ya mto."

Ulitoka laini. Hakujua kuwa alikuwa na uongo laini namna hiyo kinywani.

Nasieku alikuwa bado mlangoni. Alikuwa amemsalimu baba yake kwa mkono na kukunja goti, akamwita Baba Solomoni, kama alivyomwita Mika Baba Mika na mpishi Baba Yoeli. Kimaasai kilikuwa kimemtoka. Alikuwa na Kiswahili cha misheni, kilichonyooka kuliko cha baba yake. Bibi Frida alimpungia, akaja, akapandishwa kitandani, akakaa ananing'iniza viatu.

"Ni hapa nitalala?"

"Ni hapa, mwanangu," Solomoni alisema.

"Na koko?"

Hakuna aliyemfundisha neno hilo kule. Lilikuwa limekaa ndani yake miaka miwili kimya kimya, na sasa limetoka kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza maji yako wapi. Bibi Frida alikuwa anamtazama Solomoni.

"Koko hayupo," baba alisema.

Mtoto alifikiri kidogo. Kisha akateremka kitandani, akavuka chumba, akamshika Bibi Frida mkono. "Basi twende."

"Hupendi kitanda?"

"Nilidhani koko yupo. Twende."

Bibi Frida alivuta pumzi. Haikuwa furaha iliyokuwa usoni mwake, Solomoni aliapa baadaye kwamba haikuwa furaha, lakini ilikuwa jirani yake. "Umesikia mwenyewe," alisema. "Sitamlazimisha mtoto abaki mahali asipotaka."

Akainuka. Solomoni alitazama mbele akaona shimo, akatazama nyuma akaona shimo. Akinyamaza, wanatoka na mtoto. Akisema, amekiri kwamba amemdanganya mke wa mchungaji, na kwamba mama yake ambaye hajabatizwa yuko hatua kumi kutoka kitandani, na wanatoka na mtoto vilevile. Tofauti ilikuwa moja tu, kwamba akisema, Soila atamwona mjukuu wake kwa karibu kabla hajaenda. Alilifikia dirisha kwa hatua mbili.

"Yeyo," aliita. "Njoo ndani."

Soila aliingia na vipande vya majani makavu kichwani. Alisimama karibu na mlango asijue mikono yake aiweke wapi. Nasieku alimwachia Bibi, akasogea, akanyoosha mkono wa kuume na kukunja goti kama alivyofundishwa. Soila aliutazama mkono ule mdogo. Hakuushika. Mtoto naye akautazama mkono wake mwenyewe kana kwamba umekosea njia, akaurudisha, akasimama hivyo kwa muda. Halafu akainamisha kichwa, kama mtoto wa Kimaasai anavyoinamisha mbele ya mkubwa wake, na Soila akaweka kiganja juu ya nywele zake.

Nasieku alipanda kitandani na viatu vyake, akajiviringisha mpaka ukutani, akajibana akawa mdogo iwezekanavyo, akapigapiga kamba zilizobaki nyuma yake.

"Koko, lala."

Soila alimtazama mwanawe. Solomoni alishindwa kumtazama. Mama akakaa ukingoni, akajilaza kwa ubavu, mkono mmoja mbele, na nusu ya mwili wake ikabaki hewani. Ilibidi auteremshe mguu mmoja sakafuni asianguke. Mtoto alimvuta nguo asogee, na hapakuwa na pa kusogea, akamvuta tena.

"Kwa nini umekitengeneza chembamba hivi?" Bibi Frida aliuliza. Swali lilikuwa limemtoka tu. Alionekana kushangaa kulisikia.

"Kilikuwa kipana, Bibi. Nilikikata jana kwa ajili yako."

Bibi Frida alibadilika rangi kuanzia shingoni. Kule migombani kuku alikuwa analia kutaga.

"Uliniambia hayupo."

"Nilikuambia uongo, Bibi."

"Mbele ya mtoto."

"Mbele ya mtoto."

Bibi aliinama. Solomoni alidhani anamnyanyua Nasieku. Lakini alifungua kamba za viatu, kimoja, kisha kingine, akavivua, akavipanga sakafuni vikitazama upande mmoja. Alifanya taratibu, kama kazi aliyoifanya kila jioni kwa miaka miwili, na ndivyo ilivyokuwa.

"Jumatatu asubuhi gari letu litapita barabarani hapo chini," alisema. "Alale hapa mpaka hapo. Mchungaji nitamwambia yote. Ataamua yeye." Akatoka bila kuaga.

Siku mbili hizo Solomoni alikuwa na mtoto nyumbani na hakuweza kumfurahia. Kila alipocheka, Jumatatu ilikuwa imekaa pale pale. Alimsikia Soila akimrudishia majina ya vitu, mbuzi, maziwa, moto, na mtoto akiyakosea na kucheka, na yeye akatoka nje asisikie. Alifikiria kumtorosha, azunguke mlima wafike Momela kwenye misitu, wakae huko. Lakini boma lingemtuma akida kwa Meitamei kuchukua ng'ombe wote, na baada ya ng'ombe, Meitamei mwenyewe. Kanisani Jumapili mchungaji hakumtazama hata mara moja. Kitanda hakukigusa. Kukipanua kabla ya Jumatatu aliona ni kujifanya anajua uamuzi. Soila alilala chini, mkono mmoja ameuinua juu ya kitanda, na asubuhi mkono ulikuwa umekufa ganzi mpaka begani.

Jumatatu walisimama kando ya barabara mapema, mtoto amemshika baba yake mkono, Soila nyuma yao. Mjeledi ulisikika kabla gari halijaonekana. Ng'ombe kumi na sita walikuja polepole, na kila jozi iliyopita ilimfanya Solomoni aamini kidogo kwamba gari nalo litapita. Halikupita. Lilisimama mbele yao.

Nasieku alijichomoa mkononi mwa baba yake akakimbilia gari. Bibi Frida aliinama akamnyanyua, na mtoto akamkumbatia shingo kwa mikono yote miwili. Mchungaji alitazama mbele, kofia magotini. Mwenye mjeledi alikuwa ameuinua, anangoja neno. Hapo Solomoni alijua kwamba hana la kufanya. Nyuma ya gari lile kulikuwa na boma, na bomani kulikuwa na bunduki, na mtoto mwenyewe ndiye aliyekimbia. Bibi Frida alikuwa anamnong'oneza mtoto sikioni kwa Kidachi, lugha ya kwao, maneno mengi, na mtoto anaitikia kwa kichwa, na Solomoni hakuelewa hata moja. Alitaka kupiga kelele. Alisimama.

Kisha Bibi akamteremsha. Alimshika mpaka miguu ikagusa ardhi ndipo akamwachia. Nasieku akarudi, akampita baba yake, akaenda kwa Soila. Mjeledi ukapasuka, na gari likaondoka, na Bibi Frida hakugeuka.

Aliyebaki barabarani ni Mika, na furushi la nguo za mtoto. Alilikabidhi huku anatazama chini.

"Bibi alimwomba mchungaji usiku na mchana, naye amekubali. Mtoto anabaki, mama yako pia asiondolewe." Akakohoa. "Lakini wewe, kwa ajili ya uongo, karakana usiingie, na meza ya Bwana usiikaribie, mpaka watakaporudi. Randa na msumeno vya misheni nimeambiwa nirudi navyo leo. Nisamehe, ndugu yangu."

Solomoni alipanda naye hadi nyumbani, akaingia ndani akavitoa. Msumeno aliufuta kwa kanzu yake kwanza, kwa mazoea ya miaka, akampa. Miaka mitatu bila kazi aliyoijua na bila kanisa alilolipenda, na Mika akateremka mteremko, randa kwapani.

Soila alikuwa amesogea mlangoni, mtoto amemshikilia nguo. Kiswahili chao cha barabarani hakuwa amekisikia vizuri.

"Wamesemaje?"

"Anabaki, yeyo. Na wewe pia."

Soila alifumba macho kwa muda. Alipoyafumbua alikuwa mtu mwingine, mtu mwenye shughuli. "Basi kipanue kitanda leo, mkono wangu umekwisha."

"Nitakipanua," Solomoni alisema, akaenda kutafuta panga.